Sinia, birika na kamera: namna ya kupiga sini ya kula katika filamu ya mapenzi ya kuchekesha

Katika filamu ya mapenzi ya kuchekesha, mtazamaji hujua kwamba wawili wanapendana muda mrefu kabla wao wenyewe hawajathubutu kusema. Chakula ndicho kinachomjulisha kwa wepesi zaidi, kwa sababu mtu anayekula hawezi kujificha: mikono ina kazi, mdomo una tonge, na macho yakitoroka kila mtu anaona. Katika filamu ya Marekani ya mwaka 1989, When Harry Met Sally, Sally huagiza chakula kwa masharti chungu nzima, na masharti hayo yanatueleza tabia yake yote. Lakini pale ni mgahawani, wawili wanatazamana. Ukiileta Tanga meza ya watu wawili yenye mshumaa, mtazamaji wa mtaa wa Ngamiani atauliza: wazee wako wapi?

Kwa hiyo kabla ya kuandika mazungumzo, amua nani anakula na nani. Katika nyumba nyingi za pwani, mgeni wa kiume akija, sinia la wanaume huwekwa sebuleni au barazani na wanawake hula ndani. Wapenzi wako hawataketi pamoja. Waandishi wengine hukiona hicho kikwazo wakakimbilia hotelini. Tunawasihi msikimbie, maana sini yenyewe, yaani tukio la kupiga, iko hapo. Binti yuko jikoni, kijana yuko kwa wazee, na chakula kinakuwa mjumbe kati yao.

Nafasi ya kwanza ya kuchekesha ni kunawa. Binti anapita na birika na bakuli, anamimina maji mikononi mwa kila mmoja kwa zamu, sekunde tatu tatu. Akifika kwa kijana, maji hayakomi. Ili watu wacheke, lazima wazee wawili wa kwanza wanawishwe kwa hesabu ileile, bila haraka, kamera ikiwa imetulia. Ukiwakata ili kuokoa muda, mtazamaji hana kipimo, na mmimino mrefu unaonekana kama kosa la mwigizaji. Sekunde kumi zinatosha. Ya kumi na moja mjomba akohoe. Birika la lita mbili huisha baada ya teki (marudio ya kupiga) mbili au tatu, basi weka ndoo ya maji karibu, na kanzu ya pili ya kijana, kwani ya kwanza italowa.

Nafasi ya pili ni samaki. Adabu ya sinia ni kula upande wako, na anayepakua jikoni ndiye anayejua kipande kinono kitaelekea kwa nani. Onyesha mkono wa binti ukikipanga. Kisha, sebuleni, mtu alizungushe sinia nusu ili apate nafasi ya kuweka bakuli la mchuzi. Barua imefika kwa mjomba. Msiseme neno lolote hapo. Uso wa kijana unatosha.

Kuhusu aina ya chakula, chagua kinachomruhusu mwigizaji kusema. Pweza ni mtamu na ni mchekeshaji, kwa kuwa pwani nzima inajua supu yake inasifiwa kwa nguvu za kiume, na kijana akiiagiza mbele ya baba mkwe mtarajiwa hakuna haja ya maelezo. Lakini asipoiva vizuri hutafunwa muda mrefu na maneno yote yanapotea, kwa hiyo mwache mwigizaji anywe supu tu. Kwa sinia tumia nguru wa vipande: mfupa wake uko katikati na unaonekana. Changu ana miiba midogo, na mwigizaji anayeogopa mwiba haigizi mapenzi, anaigiza woga. Ulizeni mapema kama kuna ambaye pweza, kamba au nazi humdhuru.

Sasa kiasi. Pembe nne za kamera, teki tano kila pembe, ni teki 20. Mwigizaji akila matonge matatu kila teki, atakula matonge 60. Kwa gramu 25 kila tonge ni kilo moja na nusu ya wali. Hakuna tumbo la hivyo. Ale kweli katika pembe moja tu, ile inayouona mdomo wake. Kwingine afinyange tonge na kulipeleka karibu na midomo. Ndoo ya kutemea iwe kando ya mkeka. Kwa watu wanne, kilo moja na nusu ya mchele hujaza sinia, na kilo nyingine moja na nusu iwe ya kujazia. Kila tonge lifungwe na neno lake katika skripti, la sivyo mhariri atakuta mkono uko mdomoni katika shoti (kipande cha picha) moja na uko siniani katika nyingine. Piga picha ya sinia kwa simu kabla ya kila teki.

Joto la Tanga halingoji mwongozaji. Wali wa nazi usikae nje zaidi ya muda wa saa mbili, na joto likipita nyuzi 32, saa moja tu. Mchuzi utokoswe polepole, maana tui likikatika huonekana kwenye kamera. Samaki akianza kukauka, mpake mafuta ya nazi kwa brashi. Mvuke huonekana taa ikiwa nyuma ya sahani na mandhari ikiwa ya giza.

Sauti ina hila zake. Zima feni, rekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba, na panga mapumziko kwa ratiba ya sala. Adhana ikisikika katika pembe moja na isisikike katika nyingine, sini haiungiki. Ratiba ikiangukia Ramadhani, pigeni baada ya futari. Kibali cha Bodi ya Filamu kiwepo lokesheni.

Usiahidi watu machweo ya baharini: pwani yetu inatazama mashariki, jua huzama nchi kavu.

Nafasi ya tatu ni sinia linaporudi jikoni. Binti anausoma upande wa kijana: amemaliza, amebakiza, au amemwachia mnofu pembeni. Mama naye anausoma, nyuma ya bega lake. Shoti hiyo ipigwe mwisho kabisa, kwa mabaki ya kweli, kwa sababu mabaki ya kupangwa hujulikana. Mwambieni mtu wa vyombo tangu asubuhi asilioshe sinia hilo.