Mbuzi, Paka na Samaki Nchanga: Namna ya Kusoma Taya ukiwa na Sufuria na Rula

"Mwalimu, hiki ni cha supu au cha ule uchawi wenu?" Ndivyo muuza nyama wangu hapa Mtwara anavyonitania kila nikimwomba aniachie kichwa cha mbuzi bila kukipasua. Nafundisha baiolojia sekondari, na mafuvu yote yaliyo kabatini mwetu nimeyaandaa mwenyewe uani. Kazi hii ya kusoma kwenye taya jinsi mnyama anavyokula haitaki maabara, ila inataka subira, na inataka uwaambie majirani mapema unachochemsha. Usipowaambia, watajijibu wenyewe.

Hatua ya 1: Mtazame akila

Wengi huanza na sufuria. Mimi pia nilianza hivyo, nikaishia na mafuvu meupe mazuri nisiyojua niyaulize nini. Siku hizi naanza na mnyama aliye hai.

Chuchumaa mbele ya mbuzi anayecheua chini ya mkorosho, umrekodi kwa simu, kisha uirudie video kwa mwendo wa pole. Utaona taya la chini linatoka pembeni, linapanda, halafu linarudi ndani likisaga. Linasaga upande mmoja tu kwa wakati, kwa sababu taya la chini la mbuzi ni jembamba kuliko la juu na magego ya pande zote mbili hayawezi kukutana kwa pamoja. Andika daftarini ni upande gani, ametafuna mara ngapi kwa tonge moja, na lini alibadili upande.

Kisha mpe paka kichwa cha samaki. Atakiinamia, ageuze shingo, akipeleke kwenye kona ya mdomo na kukikata. Taya lake linapanda na kushuka tu. Hasagi kamwe.

Panya ni mgumu kumrekodi, hana utulivu. Ukibahatika, utaona taya likisogea mbele anapoguguna kwa meno ya mbele, na kurudi nyuma anapotafuna kwa magego.

Hatua ya 2: Pata kichwa kwa njia halali

Mbuzi achinjwe machinjioni na akaguliwe. Kichwa cha mzoga uliookotwa usikiguse: kuna kimeta, na kwa mbwa na paka kuna kichaa cha mbwa. Paka wangu alikuwa wa nyumbani, alikufa kwa uzee. Samaki nchanga, yaani panya wa shamba wanaoliwa huku kwetu, nilipewa na mzee mmoja aliyeshangaa kuona nimechukua kichwa nikamwachia nyama.

Wanyamapori waache. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, fuvu la mnyamapori ni nyara, na kuwa nalo bila kibali ni kosa, hata kama uliliokota njiani.

Hatua ya 3: Safisha bila haraka

Vaa glavu. Chuna ngozi, toa macho na ulimi, kisha chemsha kwa moto mdogo, maji yatokote kwa mbali tu. Fuvu langu la kwanza nililiwekea moto wa pilau: mishono ya mifupa ikaachia, meno yakabaki chini ya sufuria, nikakesha na gundi. Chuja maji kwa chujio la nazi, na chujio hilo lisirudi jikoni. Meno ya panya hupotea kirahisi.

Nyama iliyobaki itoe kwa mswaki. Loweka fuvu siku kadhaa kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya maji ili mafuta yatoke, ukibadilisha maji kila yakichafuka. Kung'arisha, tumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa. Dawa ya kung'arisha nguo usiitumie, inaila mifupa mpaka inakuwa kama chaki.

Hatua ya 4: Shika taya, ulicheze

Hapa ndipo penye utamu. Shika fuvu kwa mkono wa kushoto, taya la chini kwa wa kulia, ulipachike kwenye kiungo chake mbele ya sikio. Sasa lisukume pembeni.

La mbuzi linateleza, kwa kuwa kiungo chake ni bapa na kipana. Ukisikiliza utasikia magego yakikwaruzana: juu yake kuna matuta yenye umbo la mwezi mwandamo, na unayavuta kukatisha yale ya juu, kama tupa juu ya tupa. La paka linagoma. Ncha ya taya lake ni kama mchi mdogo uliolazwa ndani ya mfereji, unazunguka tu kama bawaba ya mlango. La panya haliendi pembeni sana, bali linateleza mbele na nyuma kwenye kijia kirefu. Ule mwendo uliouandika daftarini sasa uko mkononi mwako.

Angalia pia kimo cha kiungo. Kwa paka kiko karibu usawa wa meno, kwa hiyo meno yanafunga kuanzia nyuma kwenda mbele kama mkasi. Kwa mbuzi kiko juu sana ya meno, na safu nzima ya magego inakutana kwa mara moja.

Wanafunzi hufurahia kuhesabu meno: mbuzi ana 32 kama sisi, ila mbele juu hana hata moja, ana ufizi mgumu. Paka ana 30, panya wa shamba 16.

Hatua ya 5: Pima

Rula inatosha, kalipa (kipimo chenye meno mawili ya kubana) ni bora. Ukitaka kubana korosho kwa koleo huiweki nchani, unaisogeza karibu na bawaba. Taya ni hivyo hivyo. Pima kutoka kwenye kiungo hadi pembe ya nyuma ya taya, mahali msuli wa shavu unaposhika. Pima tena kutoka kwenye kiungo hadi jino. Gawanya cha kwanza kwa cha pili.

Tuseme msuli uko sentimita 6, gego sentimita 8, meno ya mbele sentimita 15. Kwenye gego unapata 0.75, kwenye meno ya mbele 0.4: msuli ni uleule, ila kwenye gego unabana kwa nguvu zaidi. Kwa paka pimia ile mbawa ya mfupa inayopanda kuelekea kwenye panja, maana msuli wake mkubwa uko huko. Ila uwiano huu si nguvu yenyewe. Unene wa msuli haumo, na msuli uliuchemsha.

Hatua ya 6: Nenda feri, kwenye soko la samaki

Ukishazoea, nunua mkunga, yule samaki mrefu mfano wa nyoka. Mwaka 2007 wanabiolojia Rita Mehta na Peter Wainwright walionyesha kwamba mkunga ana taya la pili kooni linaloruka mbele, kunasa windo na kulivuta ndani. Samaki wengi huvuta chakula kwa kupanua kinywa ghafla ili maji yaingie nacho. Mkunga hafanyi hivyo. Taya hilo liko nyuma ya fuvu, kwa hiyo mwambie mkata samaki asikate kwenye mashavu, aache upana wa kiganja. Na kabla hujalipa, muulize mvuvi alimtoa wapi. Akikujibu "pangoni, kwenye mwamba," andika. Humo nafasi ya kupanua kichwa ni finyu.