Somo: Jinsi ya kuirudia "Spock's Brain" ukajua ilipoharibikia

"Spock's Brain" ndiyo iliyofungua msimu wa 3 wa Star Trek ya kwanza (mfululizo wa TV wa Marekani kuhusu meli ya angani), Ijumaa ya tarehe 20 Septemba 1968 kwenye kituo cha NBC, na hadi leo inatajwa miongoni mwa episodi mbovu kabisa za mfululizo huo. Kuicheka ni rahisi. Somo hili ni la anayetaka kuona imeharibikia wapi hasa, maana haikuharibika yote.

Hatua ya 1. Anza na kipimo. Tazama kwanza "The Enterprise Incident", iliyorushwa wiki iliyofuata. Msimu ni uleule, prodyuza ni yuleyule Fred Freiberger, na bajeti ilikuwa imeshapunguzwa. Ukitoka hapo, kisingizio cha "hawakuwa na hela" kitakuwa kimepungua nguvu.

Hatua ya 2. Chukua toleo la zamani. Lile lililosafishwa kuanzia 2006 limechora upya meli na sayari kwa kompyuta, lakini kasoro zetu ziko ndani ya vyumba, na huko kompyuta haikusaidia kitu.

Hatua ya 3. Gawa karatasi safu tatu: hadithi, uigizaji, pesa. Kila kinachokukera kiandike pamoja na dakika yake, safu moja tu. Ukikwama, rudisha nyuma nusu dakika utazame bila sauti. Kero ikiondoka, lawama ni ya maneno. Ikibaki, ni ya uigizaji au vifaa.

Hatua ya 4. Tazama hadi wanaposhuka kwenye sayari, kisha simamisha. Wengi hukosea hapa kwa sababu wamekuja na hasira zao tayari. Kara, mwanamke mgeni, anatokea melini, wote wanazimia, na ubongo wa Spock, msaidizi wa nahodha, haupo. Daktari McCoy anampa nahodha Kirk saa 24 za kuurudisha. Fundi mkuu Scotty anaistaajabia meli ya Kara inayoendeshwa kwa ioni. Kisha inabidi wachague kati ya sayari tatu za nyota ya Sigma Draconis, na inayotoa nishati ni ile ya barafu, isiyo na dalili ya kiwanda. Huo ni upelelezi safi. Usiuandikie kosa.

Hatua ya 5. Endelea hadi mwisho. Sasa safu zitajaa. Mwili wa Spock unatembezwa kwa rimoti. Anafanyiwa upasuaji wa ubongo na nywele zake hazijaguswa. Lakini kosa kubwa ni la hadithi: Kara na wanawake wenzake wa chini ya ardhi wamesahau elimu yao yote, na ubongo huo ndio unaowaendeshea mji. Wazo hilo ni zito! Kirk akiuondoa, anawaambia tu watajifunza kuishi juu ya ardhi na wanaume, basi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Huyu Lee Cronin aliyetajwa kuwa mwandishi wa episodi hii ni nani?
Jibu: Ni jina la bandia la Gene L. Coon, aliyekuwa prodyuza hadi katikati ya msimu wa 2. Ndiye aliyeandika "The Devil in the Dark", episodi nyingine ya mfululizo huu, kwa hiyo usiseme hakujua kazi.

Swali: Ndiyo waliyoanza kurekodi msimu huo?
Jibu: Hapana, walianza na episodi ya "Spectre of the Gun". Ukipanga kwa tarehe za kurushwa utadhani walianza vibaya wakajirekebisha.

Swali: Gene Roddenberry, muasisi wa mfululizo, alikuwa wapi?
Jibu: NBC ilipoupeleka mfululizo Ijumaa saa nne usiku, alijiweka kando na kazi ya kila siku.

Swali: Safu yangu ya uigizaji imejaa Spock.
Jibu: Mfute. Mtu asiye na ubongo hana cha kuigiza, na Leonard Nimoy, aliyemwigiza, mwenyewe aliandika baadaye kwamba aliona aibu wakati wa kurekodi. Mtazame DeForest Kelley, anayemwigiza McCoy, pale McCoy anapoanza kusahau upasuaji katikati. Uso wake hautanii hata kidogo.

Swali: Naweza kuuruka huo upasuaji?
Jibu: Usiruke. Spock akishaunganishwa sauti anamwelekeza daktari, kisha anaendelea kuhutubia bila kukoma, na McCoy anajuta kumrudishia mdomo. Mzaha huo hauingii safu yoyote.