Somo: Kuikagua picha ya zamani ya kijana mkimbizi mwenye fidla

Wakuu, wiki hii nimetumiwa picha ileile mara sita: kijana, fidla kidevuni, koti limembana, na chini maandishi "mtoto mkimbizi wa Vienna", yaani mji mkuu wa Austria. Kila mmoja anauliza kama ni kweli. Naandika mara moja tu.

1. Omba mgongo wa picha. Bila mgongo, usianze.

2. Skani pande zote mbili, dpi 600 (nukta 600 kwa inchi), usikate kingo.

3. Soma mhuri wa studio. Wa Vienna, huenda alipigwa kabla ya safari. Wa London, alishafika. Ukiona matundu ya pini na kipande cha mhuri pembeni, yaelekea ilibanduliwa kwenye hati.

4. Hakikisha haijageuzwa kama kwenye kioo. Hapa ndipo nilipoumbuka. Niliwahi kuwabandikia wanafunzi wangu picha ya kijana aliyeshika upinde wa fidla kwa mkono wa kushoto, nikaandika kwa mbwembwe "gwiji wa mashoto". Siku ya onyesho mzazi mmoja, fundi cherehani, akaisogelea akacheka: "Mwalimu, mbona huyu kavaa koti la kike?" Vifungo vilikuwa upande wa kike, mfuko wa kifuani uko kulia. Negativu, ile filamu ya picha, ilikuwa imelazwa kinyume kwenye skana! Kwa hiyo usiamini upinde peke yake. Tazama mkono, vifungo, mfuko, na maandishi yoyote ukutani. Vyote vikiwa kinyume, geuza picha. Na usiigeuze ukafuta ile ya kwanza. Tunza zote mbili.

5. Pima tarehe. Hitler aliichukua Austria Machi 1938. Treni za watoto, Kindertransport, zilizowakimbizia Uingereza watoto, wengi wao Wayahudi, zilianza baada ya ghasia za Novemba dhidi ya Wayahudi. Kundi la kwanza lilifika bandari ya Harwich, Uingereza, tarehe 2 Desemba 1938, na vita vya Septemba 1939 vikazifunga. Walikuwa watoto karibu 10,000. Anayekuandikia "Kindertransport, Juni 1938" anakudanganya.

6. Andika nyuma kwa penseli laini. Kalamu ya wino, hapana.

MASWALI

— Mkuu, yangu nimeitoa WhatsApp, mgongo haina. Ni ya mwaka gani?
— Hatua ya 1.
— Si unikadirie tu?
— Sikadirii. Fundi cherehani alishanifunza adabu.

— Je, akiwa mashoto kweli?
— Wapo. Charlie Chaplin alipiga fidla kwa mashoto, na nyuzi zake zilipangwa kinyume. Basi koti litakuwa sawa, mikono tu ndiyo kinyume.

— Shikamoo mwalimu. Vijana hawa waliishia wapi?
— Marahaba, mwanangu, swali zuri. Chukua watatu waliokimbia Vienna: Norbert Brainin, Siegmund Nissel na Peter Schidlof. Mwaka 1940 Uingereza, iliyowapokea, iliwaweka kizuizini kama raia wa nchi adui, na humo kambini ndimo walimoanza kufahamiana. Walipotoka, Max Rostal, naye mkimbizi, akawafundisha bila kuwatoza ada. Wote walikuwa wa fidla, Schidlof akahamia viola, dada mkubwa wa fidla. Wakamwongeza Mwingereza wa selo (ala ya nyuzi inayopigwa kwa kukaa), Martin Lovett, na tarehe 10 Januari 1948 wakapiga Wigmore Hall, ukumbi wa muziki London, kama kundi la wanne, Amadeus Quartet. Walidumu hadi Schidlof alipofariki, 1987. Ndiyo maana nawaambia: ukiona viola mkononi mwa Schidlof, picha hiyo huenda si ya Vienna.

— Yangu imeganda kwenye kioo cha fremu. Niiloweshe?
— Usiguse! Iskani na kioo chake.

— Mwalimu, marehemu bibi alikuwa na picha ya binti Mzungu mwenye fidla, alisema ni wa Tengeru.
— Inawezekana kabisa. Kuanzia 1942 Tengeru, karibu na Arusha, ilipokea Wapolandi kama 5,000, wengi wanawake na watoto, waliotolewa Siberia wakapitia Iran. Makaburi yao yapo hadi leo. Mgongo unasemaje?
— Kuna penseli imefifia. Si Kiswahili wala Kiingereza.
— Usiipitishie kitambaa. Washa tochi kwa ubavu, piga picha ya mgongo, nitumie leo hii.