Tazama Kidole Kabla ya Kusikiliza Sifa
Mwaka 1995 watafiti wawili wa Kijapani, Masaaki Kurosu na Kaori Kashimura, waliwaonyesha watu mipangilio 26 ya skrini ya mashine ya kutolea fedha, wakabaini kwamba makadirio yao kuhusu wepesi wa kuitumia yalifuata zaidi uzuri wa mpangilio kuliko wepesi wake halisi. Kwa anayebuni programu za simu, jambo hilo lina faida na lina mtego. Rangi tulivu, nafasi ya kutosha kati ya vitufe na mtetemo mdogo wa simu malipo yanapokamilika humtuliza mtumiaji, naye husamehe kasoro ndogondogo. Lakini husamehe hata wakati wa majaribio, akasema "ni nzuri" ilhali kidole chake kimebofya pasipohusika mara tatu. Kwa hiyo mpe kwanza mchoro mtupu wa rangi nyeusi na nyeupe, uhesabu anavyokosea badala ya kumwuliza maoni, kisha mapambo yaje baadaye.

Yakija, yasiharibu usomaji: maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe, ambayo wabunifu wengi (nami nimo) huyapenda mno, mara nyingi hayafikii uwiano wa mwangaza kati ya herufi na mandhari yake wa 4.5 kwa 1, unaotakiwa kwa maandishi ya kawaida na WCAG, miongozo ya kimataifa ya kufanya kurasa za wavuti zitumike na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu. Ujumbe wa kosa nao usiachiwe mashine, kwa kuwa hapo ndipo moyo huchafuka: "Hitilafu 402" humwacha mtu akijilaumu, ilhali "Namba ya siri haijalingana, jaribu tena" humwonyesha pa kuanzia.