Skrini yenye ukungu: jua kosa liko wapi kabla ya kununua monita nyingine

Maandishi yakionekana kama yameandikwa kwa chaki iliyolowa, monita ndiyo hulaumiwa kwanza. Mara nyingi inaonewa. Vipimo viwili vya dakika chache vitakuonyesha pa kushika.

Kipimo cha kwanza: bonyeza kitufe cha menyu kilicho kwenye fremu ya monita. Menyu hiyo huchorwa na monita yenyewe, si kompyuta. Herufi zake zikiwa kali ilhali picha iliyo nyuma yake ina ukungu, kioo ni kizima. Zikiwa na ukungu pia, zima umeme ufute kioo kwanza. Nakuru kuna vumbi, na Kisumu wadudu wa ziwani hufuata mwanga usiku na kuacha madoa. Tumia kitambaa laini cha kufutia miwani, kikavu au chenye unyevu kidogo wa maji. Usinyunyize maji moja kwa moja kwenye kioo, yatateremka hadi ukingo wa chini na kuingia ndani. Dawa za kufutia madirisha ziache. Nyingi hula utando wa juu, na ukungu huo hautoki tena.

Kipimo cha pili: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na PrtSc ili kupiga picha ya skrini, kisha uitume kwenye simu yako kama dokyumenti. Ukiituma kama picha ya kawaida, WhatsApp itaibana na kipimo chako kitakuwa bure. Ikiwa safi kwenye simu, kosa liko kwenye resolusheni (idadi ya pikseli, yaani vinukta vinavyounda picha), kebo au monita. Ikiwa na ukungu hata huko, kosa ni la programu au la picha yenyewe.

Tuanze na resolusheni, maana ndiyo mkosaji mkuu. Kioo bapa kina idadi ya pikseli isiyobadilika. Ukikipelekea picha ya 1280 kwa 720 ilhali chenyewe ni 1920 kwa 1080, kila pikseli ya picha inapaswa kujaza pikseli moja na nusu za kioo kwa upana, na moja na nusu kwa kimo. Nusu pikseli haipo, kwa hiyo monita inachanganya rangi za majirani, na huo mchanganyiko ndio ukungu unaouona. Monita za mraba za inchi 17 na 19 zinazokuja na kompyuta za eksi-UK kwa kawaida ni 1280 kwa 1024. Zile pana za inchi 19 nyingi ni 1440 kwa 900, na za inchi 20 ni 1600 kwa 900. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye skrini, fungua mipangilio ya skrini, uchague resolusheni iliyoandikwa “Recommended”.

Ikiwa namba sahihi haimo kwenye orodha, fungua Device Manager, orodha ya vifaa vya kompyuta iliyo ndani ya Windows. Ukikuta jina “Microsoft Basic Display Adapter”, kompyuta haina draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya kadi yake ya picha; hutokea sana baada ya kuweka Windows upya. Ruhusu Windows Update iitafute, au ipakue kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta. Faili hizi huwa za mamia ya megabaiti, kwa hiyo kama unatumia bando, heri uende saiba na flashi.

Kebo ya VGA, ile ya zamani yenye skrubu mbili, ina vituko vyake. Hubeba picha kama mawimbi ya umeme, si kama namba, na monita hulazimika kukisia kila pikseli inaanzia wapi. Fungua ukurasa uliojaa maandishi, kisha bonyeza kitufe cha “Auto” cha monita. Kikishindwa, ingia kwenye menyu: mistari mipana ya ukungu iliyosimama wima huondolewa kwa “Clock”, na herufi zinazotetemeka skrini nzima hutulizwa kwa “Phase”. Rekebisha Clock kwanza. Kivuli upande wa kulia wa herufi mara nyingi ni kebo duni au ndefu mno. Tafuta fupi na nene, uikaze skrubu zote mbili. Ukiona pini moja haipo kwenye safu ya katikati, usishtuke, kebo nyingi huundwa hivyo. Lakini kama kompyuta na monita zote zina HDMI au DisplayPort, ambazo hubeba picha kama namba, achana na VGA kabisa.

Wanaotumia runinga kama monita wana shida yao. Runinga nyingi za inchi 32 zina pikseli 1366 kwa 768 tu, ila hupokea 1920 kwa 1080 na kuibana, na kompyuta inadanganyika kuwa mambo ni sawa. Jaribu 1366 au 1360 kwa 768. Kingo za picha zikiwa zimekatwa, tafuta kwenye ukubwa wa picha “Just Scan” au “Screen Fit”. Teremsha pia ukali wa picha: ukizidi, kila herufi huvaa ukingo mweupe.

Kama programu moja tu ndiyo yenye ukungu, na ukuzaji wa Windows uko asilimia 125 au 150, programu hiyo ni ya zamani na inavutwa kama mpira. Bonyeza kulia ikoni yake, fungua Properties, kisha Compatibility, halafu “Change high DPI settings”. Weka alama kwenye kisanduku cha chini, chagua “Application”, uifungue upya. Ikionekana ndogo mno, rudisha.

Na ikiwa ni picha moja tu, angalia vipimo vyake kwenye Properties. Picha ya pikseli 640 kwa 480 haiwezi kujaza kioo cha 1920 bila ukungu, na hakuna mpangilio wa kuiokoa. Mwombe aliyeituma aitume tena kama dokyumenti, kutoka kwenye simu iliyoipiga.