Ukibuku meza restoranti ya kishua, uliza unawekwa wapi

Jamani mkienda restoranti zile za kishua msiseme tu "meza ya wawili" mkakata simu, ulizeni mnakaa wapi. Kama mko wawili na mnapenda msosi kwelikweli ombeni kaunta inayotazama jiko, unamwona shefu anapanga sahani kwa kibanio mbele ya macho yako na chakula kinakufikia bado kinafuka moshi, mi siachi hiyo siti. Mkiwa wanne kaunta haifai, mnapangwa mstari mmoja na wa pembeni hasikii stori. Nje pazuri kwa picha ila upepo unapoza sosi haraka mno. Ukiwekwa karibu na mlango wa jikoni au chini ya kiyoyozi, omba kuhama kabla hujaagiza.