Majuma Matano ya Kujijua: Zoezi kutoka Upanishadi ya Taittiriya

Katika Upanishadi ya Taittiriya, mojawapo ya maandiko ya kale ya hekima ya Kihindu, na ambayo ni sehemu ya Yajurveda, moja ya Veda, vitabu vitakatifu vya India ya kale, yumo kijana aitwaye Bhrigu aliyemwendea baba yake, Varuna, akamwomba amfundishe asili ya vitu vyote. Baba hakumpa jibu. Alimpa kipimo cha kulitambua jibu, yaani kile ambacho viumbe huzaliwa kutokana nacho, huishi kwacho, na hurejea ndani yake wanapokufa, kisha akamwagiza akakitafute kwa tapasi, neno la Kisanskriti lenye asili ya joto, linalotumiwa kwa bidii kali ya mtu anayejinyima na kujichunguza. Bhrigu akaenda, akarudi na jibu la kwanza: ni chakula. Baba akamrudisha. Akaja na pumzi, akarudishwa. Akaja na moyo, akarudishwa. Akaja na akili, akarudishwa tena. Mara ya tano aligundua furaha, na hakurudi kuuliza.

Mwongozo huu unaifuata safari hiyo, juma moja kwa kila jibu. Nimeichagua kwa sababu wengi wanaovutiwa na hekima ya India huanzia mwisho: hukaa wamefumba macho wakiutafuta utulivu wa nafsi hali usiku uliopita hawakulala, na wakishindwa husema kwamba kutafakari hakuwafai. Bhrigu alianza na chakula, na nadhani ndiyo sababu alifika.

Maandalizi ni machache. Tafuta daftari, na utenge robo saa mara mbili kwa siku, alfajiri kabla hujashika simu na usiku kabla ya kulala. Alfajiri ni ya kutazama na usiku ni wa kuandika. Mistari mitano yatosha, kwa kuwa anayeandika kurasa nyingi usiku wa kwanza aghalabu huwa hana cha kuandika usiku wa nne.

Juma la kwanza ni la mwili, ambao andiko linaueleza kuwa nafsi iliyofanyika kwa chakula. Kila usiku andika ulichokula na saa ulizokula, muda uliolala, na namna ulivyojisikia saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Usibadilishe chochote kwa siku nne za mwanzo, tazama tu. Bhagavad Gita, andiko la Kihindu la mazungumzo kati ya shujaa Arjuna na Krishna, mungu aliye mwendeshaji wa gari lake la vita, katika sura ya 6 inasema kwamba yoga si ya mtu anayekula kupita kiasi wala ya asiyekula kabisa, si ya anayelala mno wala ya anayekesha, na shauri hilo linaonekana jepesi mpaka mtu alipime kwa daftari lake mwenyewe. Mtu ambaye kwa miaka mingi ameamini kwamba ana tabia ya ukali huenda akagundua kwamba ana tabia ya kuruka chakula cha mchana. Kuanzia siku ya tano rekebisha jambo moja tu, lile ambalo daftari limelionyesha mara nyingi zaidi, na uliendeleze katika majuma yote yanayofuata.

Juma la pili ni la pumzi, na halihitaji maneno mengi. Keti umenyoosha mgongo, juu ya kiti au mkeka, uifuate pumzi inavyoingia na kutoka bila kuilazimisha. Baada ya dakika tano irefushe kidogo ile inayotoka, kwa mfano kwa kuhesabu hadi nne unapovuta na hadi sita unapotoa. Usiizuie pumzi kifuani, hasa ukiwa mjamzito au una ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu, kwa maana mazoezi ya kuizuia hufundishwa na mwalimu aliye mbele yako. Mchana, mara tatu au nne, jiulize pumzi yako iko wapi: kifuani juu, au chini tumboni? Utaona kwamba huwa fupi kabla hujatambua kwamba umekasirika, na ugunduzi huo ndio utakaokufaa juma linalofuata.

Juma la tatu ni la kile ambacho Kisanskriti hukiita manasi. Vitabu vingi hukitafsiri kuwa akili, lakini mimi naona Kiswahili kina neno la karibu zaidi, nalo ni moyo, kwa maana ile tunayoikusudia tunaposema kwamba moyo unataka, moyo umekataa, au moyo umeingia wasiwasi. Akili huja baadaye na kazi yake ni nyingine. Katika sura hiyo hiyo ya 6 ya Gita, Arjuna analalamika kwamba moyo huu ni mgumu kuuzuia kama upepo, na Krishna hamkanushi. Anakubali kwamba ni kweli, kisha anasema kwamba hushikika kwa mazoezi na kwa kutoshikamana na mambo.

Zoezi la juma hili ni kuipanda ngazi ya hasira kutoka chini kwenda juu. Sura ya 2 ya Gita imeipanga hivi: mtu anayevifikiria sana vitu vinavyozivutia hisi hushikamana navyo, kushikamana huzaa tamaa, na tamaa huzaa hasira, hasira huleta kupumbaa, kupumbaa huvuruga kumbukumbu, kumbukumbu ikivurugika akili huharibika, na akili ikiharibika mtu huangamia. Andiko linakwenda mbele, kutoka wazo hadi maangamizi. Wewe usiku urudi nyuma. Chagua tukio moja la siku hiyo ambalo ulikasirika, liwe dogo, na uulize kabla ya hasira kulikuwa na tamaa gani, na kabla ya tamaa ulikuwa umeshikamana na nini, na kabla ya hapo ulikuwa ukikifikiria nini.

Tuseme umemfokea mtoto kwa sababu amemwaga chai mezani. Kabla ya kufoka palikuwa na tamaa ya kupumzika. Kabla ya tamaa hiyo ulikuwa umeshikamana na picha ya jioni tulivu, na picha hiyo uliijenga tangu ukiwa njiani ndani ya basi, ukairudia kichwani kituo baada ya kituo, hata ulipofika nyumbani ilikwisha kuwa haki yako. Mtoto alimwaga chai juu ya picha ile. Ukiyaandika hayo kwa usiku tano mfululizo, bila kujilaumu na bila kujitetea, utaanza kuikuta hasira ikiwa bado iko kwenye ngazi ya picha, mahali ambapo kuiachia hakugharimu kitu. Kosa la kawaida ni kuchagua tukio kubwa mno kwa kuanzia, kama ugomvi wa urithi au talaka. Mambo hayo yana watu wengi na haki nyingi ndani yake, na zoezi hili halikukusudiwa kukufanya uone kwamba kila aliyekukosea hakukukosea.

Juma la nne ni la akili, na hapa naiacha Taittiriya kwa muda ili niiendee Upanishadi ya Katha, kwa kuwa mfano wake ni bora zaidi. Humo kijana Nachiketa, baada ya kungoja usiku tatu bila chakula katika nyumba ya Yama, mungu wa mauti, anapewa ahadi ya kutimiziwa maombi matatu, na ombi lake la tatu ni kujua kama mtu akifa yupo au hayupo. Yama anajaribu kumbembeleza aombe kingine: wana na wajukuu watakaoishi miaka mia, mifugo, dhahabu, farasi. Kijana anakataa, akisema kwamba vitu hivyo huuchakaza uwezo wa hisi. Ndipo Yama anapomfundisha kwamba lenye kheri na lenye kupendeza ni mambo mawili tofauti, kwamba yote mawili humjia mtu, na kwamba mwenye busara huyazunguka, akayatazama na kuyatenganisha. Andiko halisemi kwamba kila kinachopendeza ni kibaya. Linasema tu kwamba usivione viwili kuwa kimoja.

Kisha unafuata mfano wa gari la farasi. Mwili ni gari, hisi ni farasi, vitu ambavyo hisi huvitamani ndizo njia wanazopita, moyo ni hatamu, akili ni mwendeshaji, na nafsi ndiye mwenye gari. Neno letu gari limetoka katika Kihindi, lakini kinachonifurahisha zaidi ni jambo jingine: Kisanskriti humwita huyo wa mwisho kwa neno lenye maana ya mwenye gari, nasi tukitaka kuitaja nafsi husema mwenyewe, neno lililojengwa juu ya mwenye.

Kwa juma hili, kila linapokujia jambo la kuamua, hata kama ni kununua kiatu au kujibu ujumbe, simama kwa pumzi tatu na uulize ni nani anayeendesha. Ukiona farasi wamekwisha kuingia njia na mwendeshaji yumo tu akitafuta sababu za kuwatetea, andika hivyo usiku. Hapo utaona pia kwa nini majuma yaliyotangulia hayakuwa ya bure, kwa sababu mwendeshaji mwenye njaa na aliyekosa usingizi hulegeza hatamu hata akiwa hodari.

Juma la tano ni la furaha, na ndilo gumu kulieleza. Haikusudiwi furaha ya kupata. Wafafanuzi wa Vedanta, falsafa iliyojengwa juu ya Upanishadi, huitolea mfano wa usingizi mzito usio na ndoto, ambamo mtu hana kitu chochote, hajui cheo wala deni, na bado akiamka husema, nimelala raha. Kwa hiyo zoezi ni dogo: unapoamka, kabla ya kukumbuka jina la siku, kaa dakika mbili katika hali hiyo kabla haijatoweka. Usiifukuzie ikitoweka.

Katika siku ya mwisho ya juma hilo pitia tabaka zote tano za mtu, ulizozitazama juma kwa juma, kwa kikao kimoja. Sema kimoyomoyo: mwili wangu, nao ninautazama, pumzi yangu, nayo ninaitazama, moyo wangu, akili yangu, furaha yangu, kisha uulize ni nani anayesema yangu. Usijibu kwa maneno. Katika Upanishadi ya Brihadaranyaka, mwenye hekima Yajnavalkya anapoieleza nafsi husema tu, si hili, si hili.

Hapa wapo watakaouliza kuhusu dini zao, nao wana haki. Upanishadi zinafundisha kwamba nafsi hiyo ya ndani haitengani na Brahmani, asili ya vyote, na Wahindi wenyewe wametofautiana juu ya maana yake: mwanafalsafa Shankara alifundisha kwamba huo ni umoja kamili, wanafalsafa wenzake wa baadaye Ramanuja na Madhva wakampinga kila mmoja kwa namna yake, nao Wabudha wakakana kwamba ipo nafsi ya kudumu. Mwislamu au Mkristo anayeamini kwamba Muumba si kiumbe anaweza kuishia kwenye kutazama mwili, moyo na akili yake, na bado akafaidika. Dara Shikoh, mwanamfalme Mwislamu wa dola ya Wamughal, alizifasiri Upanishadi zipatazo hamsini kwa Kiajemi mwaka 1657 na akauita mkusanyiko huo Sirr-i Akbar, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kulielewa: Siri Kubwa.

Lipo pia onyo. Mazoezi haya si dawa ya ugonjwa. Huzuni isiyoondoka kwa majuma, kukosa usingizi kabisa, au mawazo ya kujidhuru ni mambo ya kupelekwa kwa daktari bila kuchelewa, na kama kukaa kimya kunakuzidishia hofu, acha. Vilevile mtu asiufanye utazamaji kuwa maficho, akasema kwamba yeye ni shahidi tu huku ada ya mtoto haijalipwa.

Taittiriya yenyewe haikumwacha Bhrigu katika furaha yake. Mara tu baada ya ugunduzi wa tano, andiko linarudi kwenye chakula na kutoa nadhiri: usikidharau chakula, kizidishe kiwe kingi, na usimfukuze yeyote anayekuja kutaka hifadhi nyumbani kwako. Kwa hiyo juma la sita halina kikao kipya. Endelea na robo saa ya alfajiri, funga daftari, na siku moja katika juma hilo pika kingi kuliko mahitaji ya nyumba yako, kisha umkaribishe mtu ambaye kwa kawaida humkaribishi.